Kuruka kunaanza na mchanga: shule za Kasindi zisingoje godoro la ng'ambo

Bidhaa nyingi zinazouzwa madukani Butembo na Beni zimepitia Kasindi. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa huvuka Uganda, hufika Mpondwe, kisha huingia Congo kwa kukaguliwa na forodha. Hupita saruji, pikipiki, vitambaa, mabati, simu na vifaa vya kila aina. Mipira ya kandanda nayo hupita kwa maelfu. Ila ni nadra kusikia kwamba lori limeshusha kifaa cha mwanafunzi anayetaka kuruka juu au kuruka mbali.

Hapo ndipo viongozi wa shule na wapenzi wa riadha katika wilaya ya Beni hukwama. Wanapoulizwa kwa nini watoto hawafundishwi kuruka, jibu huwa moja: vifaa hakuna. Jibu hilo lina ukweli nusu. Vifaa vya mashindano ya kimataifa ni ghali na huja kutoka mbali. Lakini vifaa vya kuanzia, vile vinavyomlinda mtoto na kumfundisha mwili wake kuruka, vinaweza kutengenezwa hapa hapa kwa mchanga, mbao na tairi kuukuu. Kinachopungua ni uamuzi.

Eneo hili la Maziwa Makuu si geni katika mchezo wa kuruka. Nchini Rwanda, jirani wa Kivu ya Kaskazini, vijana wa zamani walishindana katika mchezo ulioitwa gusimbuka urukiramende. Mwaka 1907 msafara wa Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipiga picha za vijana hao wakipita juu ya ufito ulioinuliwa kupita vichwa vya watu wazima. Wageni hao waliandika kuwa walishuhudia miruko ya kama mita 2.50. Vipimo hivyo haviwezi kulinganishwa na rekodi za leo, kwa sababu warukaji walianzia juu ya jiwe au kichuguu kidogo. Hata hivyo, kichuguu hicho kilikuwa kifaa. Kilibuniwa na watu wa hapa, kwa udongo wa hapa, na kilifanya kazi.

Historia ya mchezo huu duniani nayo inaonyesha kwamba mtindo wa kuruka hufuata mahali pa kuangukia. Zamani mrukaji alishukia kwenye mchanga au maranda ya mbao, hivyo ilimbidi atue kwa miguu au kwa mkono na mguu. Magodoro manene yalipoanza kuenea Marekani katika miaka ya 1960, kijana Dick Fosbury alipata nafasi ya kuruka akiupa ufito mgongo na kuangukia mabega. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, alishinda dhahabu kwa mita 2.24. Leo karibu kila bingwa wa dunia huruka hivyo. Rekodi ya dunia ya wanaume, mita 2.45 ya Javier Sotomayor wa Cuba tangu mwaka 1993, iliwekwa kwa mtindo huo huo.

Hatari inaanzia hapo. Kijana wa Kasindi, Oïcha au Butembo anaona miruko hiyo kwenye simu, kisha anakwenda uwanjani kuijaribu. Anayeanguka kutoka urefu wa mita moja na nusu hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Godoro la mashindano, lenye unene wa sentimita 70, humpunguza mwendo taratibu. Ardhi kavu humsimamisha mara moja, na akitanguliza shingo, madhara yake yanaweza kuwa ya maisha. Ndiyo maana mwalimu asiye na godoro asimruhusu mtoto yeyote kuruka kwa mgongo. Hili halihitaji bajeti wala barua kutoka Kinshasa.

Je, bila godoro kuruka juu kumekwisha? La. Mtindo wa mkasi, ambao mrukaji hupitisha mguu mmoja baada ya mwingine na kutua kwa miguu, ulikuwepo kabla ya godoro na bado unafaa kwa shule. Zamani, kabla ya magodoro kuenea, Waafrika walikwisha kufika mbali. Mwaka 1954, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver, Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria alishinda kwa mita 2.03, tena akiwa na kiatu mguu mmoja tu. Aliyemfuata alikuwa Patrick Etolu wa Uganda, kwa mita 1.99. Uganda hiyo ndiyo ile inayoonekana kwa macho ukisimama kwenye daraja la Lubiriha.

Kifaa cha kwanza, basi, ni shimo la mchanga. Kwa kuruka mbali na miruko mitatu, kanuni za kimataifa zinataka shimo lenye upana wa kati ya mita 2.75 na 3, na ubao wa kurukia wenye upana wa sentimita 20. Shule haihitaji kufikia kanuni zote siku ya kwanza. Shimo la mita 2.75 kwa mita 7, lenye kina cha sentimita 30, hula kama mita za ujazo 6 za mchanga. Huo ni mzigo wa lori moja la ujenzi. Mchanga uwe ule wa mtoni wanaotumia waashi, uchekechwe kuondoa mawe na vigae vya chupa, na usichimbwe ndani ya hifadhi ya Virunga. Kingo zake zifunikwe kwa vipande vya tairi ili mguu usigonge ubao wala tofali.

Shimo likishachimbwa, kazi inabaki ya kila siku. Mchanga ukikaa bila kuguswa hushikana, na mvua za huku huufanya mgumu kama sakafu. Lazima ulimwe kwa jembe kabla ya kipindi, usawazishwe kwa reki, na ufunikwe kwa turubai jioni ili mbuzi na kuku wasiugeuze zizi. Shimo lisilotunzwa ni hatari zaidi kuliko kutokuwa na shimo, kwa kuwa mtoto huliamini.

Kifaa cha pili ni ufito usioumiza. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa vipande virefu na kufungwa kati ya miti miwili, unatosha kufundishia. Mtoto akiugusa, unavutika na kurudi. Wasichana wengi wa huku wamekwisha kuzoea michezo ya kuruka kamba na mpira tangu wakiwa wadogo. Mwalimu mwenye macho ataona kwamba mazoezi ya miguu yao yalianza zamani, na kwamba mara nyingi wao ndio watakaowatangulia wavulana.

Kifaa cha tatu ni masanduku ya mbao na viunzi vifupi. Mafundi wanaochonga chukudu, ule mkokoteni wa miti wa magurudumu mawili unaobeba mizigo Kivu ya Kaskazini, wanajua kuunganisha mbao ngumu na kuvisha raba ya tairi mahali panapopata msuguano. Ujuzi huo huo unatosha kutengeneza sanduku la kurukia lisiloteleza. Kwa watoto, sanduku la sentimita 20 hadi 40 linatosha. Mazoezi ya kushuka kutoka juu na kuruka tena papo hapo, yaliyoendelezwa na mkufunzi Yuri Verkhoshansky katika Umoja wa Kisovieti, yalikusudiwa wanariadha waliokomaa. Kumpa mtoto wa miaka 12 zoezi la bingwa ni kumharibia magoti.

Kipimo cha maendeleo nacho hakina gharama. Mwaka 1921 Mmarekani Dudley Sargent alieleza jaribio rahisi la kuruka wima. Hadi leo makocha hulifanya hivi: mwanafunzi anasimama kando ya ukuta, anaweka alama ya chaki mahali mkono wake unapofika, kisha anaruka na kuweka alama nyingine. Tofauti ya alama hizo mbili ndiyo nguvu ya miguu yake. Mwalimu akiandika tofauti hiyo kila mwezi kwenye daftari, atajua nani anapanda na nani anachoka.

Vijana waambiwe ukweli pia kuhusu viatu na vifaa vinavyotangazwa kwenye simu kuwa vitawaongezea kimo cha kuruka kwa wiki chache. Kweli, kiatu kinaweza kusaidia. Mwaka 1957 Yuri Stepanov wa Umoja wa Kisovieti aliweka rekodi ya mita 2.16 akiwa na kiatu cha soli nene, na shirikisho la kimataifa likaweka kikomo cha unene wa soli. Mwaka 2010 ligi ya NBA nchini Marekani ilizuia viatu vya kampuni moja iliyodai vinamwongezea mchezaji mruko. Lakini mnunuzi asiye na mwalimu wala mchanga wa kutulia atakuwa ametupa fedha za familia. John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, alijijenga kwa kukimbia na kuruka viunzi akiwa amevaa fulana yenye uzito. Uzito wa namna hiyo hushonwa na fundi cherehani yeyote kwa mifuko ya mchanga, kwa mtu mzima aliyekwisha kukomaa.

Wapo watakaouliza: katika nchi yenye vita, nani ana muda wa kufikiria kuruka? Swali hilo ni la haki. Kasindi haijasahau tarehe 15 Januari 2023, bomu lilipolipuka kanisani wakati wa ibada na kuua waumini. Familia nyingi za wilaya ya Beni zimekimbia vijiji vyao, na tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Shimo la mchanga halitazuia risasi, na anayedai hivyo anawadanganya watu.

Lakini vita havijafunga shule zote. Pale zinapofunguliwa, watoto wanacheza, na watoto wakicheza wanaruka. Swali lililobaki ni kama watatua kwenye mchanga au kwenye mawe. Mahali ambapo barabara ya kwenda hospitali inaweza kufungwa wakati wowote, mguu uliovunjika ni janga kubwa kuliko mahali penye amani. Kwa hiyo vita ni sababu ya kuchimba shimo mapema.

Kazi inaweza kugawanywa. Kamati za wazazi zitoe nguvu ya kuchimba. Wafanyabiashara wa Kasindi na Butembo, ambao malori yao hupita hapa kila siku, wachangie mzigo mmoja wa mchanga kwa kila shule. Mafundi mbao walipwe kwa masanduku na viunzi, kwani kazi ya fundi si sadaka. Wakaguzi wa elimu waulize kuhusu usalama wa kipindi cha michezo kama wanavyouliza kuhusu madaftari. Serikali nayo iiondolee kodi mizigo midogo ya vifaa vya michezo inayoingia kwa ajili ya shule, ili siku jimbo litakapotaka godoro moja la kweli kwa mashindano ya Beni au Butembo, lisikwame kwenye bohari ya forodha.

Mpangilio ndio muhimu. Godoro lije mwisho, baada ya mchanga, mbao na mwalimu anayejua kwa nini mtoto anatua kwa miguu. Shule itakayoanza muhula ujao na shimo moja lililochekechwa vizuri itakuwa imefanya zaidi ya ile inayoendelea kungoja kontena.