Picha ya simu si mchoro wa kipuri

Shafti ya mashine ya kusaga ikikatika msimu wa mavuno, wenye mashine wengi humtumia fundi mkerezaji picha ya simu. Picha haina vipimo, na chuma kilichokerezwa vibaya hakirudishwi dukani.

Heri faili la PDF lenye vipimo vyote kwa milimita. Fundi hulifungua na kulichapisha bila programu ya kuchorea. Kwa mashine ya kukereza ya kawaida, hilo latosha. Karakana yenye mashine zinazoongozwa na kompyuta ipewe pia DXF kwa bati la kukatwa, au STEP kwa kipuri kizima. STL haifai: haisemi kama namba ni milimita au inchi, na inchi moja ni milimita 25.4!

Mchoraji asimaliziwe malipo kabla ya kukabidhi mafaili yote.