Ukitaka kufungua shule, hesabu mishahara kabla ya ada

UKIPITA Tabata, Kimara au Mbagala jijini Dar es Salaam alfajiri, utakutana na mabasi madogo ya njano yakikusanya watoto ambao wengine bado wanasinzia. Kwa mzazi hiyo ni safari ya shule. Kwa mstaafu mwenye kiinua mgongo benki na kiwanja kilichokaa bure, hiyo ni biashara. Anapiga hesabu ya haraka: watoto 100, ada Sh800,000 kila mmoja, jumla Sh milioni 80 kwa mwaka. Baada ya siku chache fundi anachimba msingi.

Hesabu hiyo si ya uongo, ila imeruka miaka. Wengi huingia katika biashara hii wakiwa na fedha za kujenga, wakasahau fedha za kuishi mpaka madarasa yajae.

Soko lipo, hilo halina ubishi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliwafungulia mlango watu binafsi. Ada ya shule za msingi za Serikali ilipofutwa chini ya mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002, idadi ya wanafunzi ilipanda kuliko madarasa na walimu. Mzazi mwenye uwezo kidogo akaanza kutazama shule za mchepuo wa Kiingereza. Lakini soko kuwapo si sawa na fedha kuwa mkononi.

Tuchukue mfano. Shule inaanza na darasa la awali na darasa la kwanza, watoto 20 kila darasa. Ada ni Sh800,000, hivyo mapato ni Sh milioni 32. Mwalimu mkuu analipwa Sh700,000 kwa mwezi, walimu watatu Sh500,000 kila mmoja, na mpishi, mlezi na mlinzi Sh300,000 kila mmoja. Hiyo ni Sh milioni 3.1 kwa mwezi. Ongeza mchango wa mwajiri wa asilimia 10 NSSF, na kwa mwaka inafika karibu Sh milioni 41. Mwenye shule ana pengo la Sh milioni 9 kabla hajanunua kilo moja ya unga wa uji.

Mwaka wa pili wanaingia watoto 20 wapya wa awali. Wanafunzi wanakuwa 60 na mapato Sh milioni 48. Kwa kuwa darasa limeongezeka, anaajiriwa mwalimu mmoja zaidi, na gharama ya wafanyakazi inafika takriban Sh milioni 47.5. Mwaka wa tatu, kwa mwendo huo huo, mapato ni Sh milioni 64 na gharama ya wafanyakazi Sh milioni 54. Hapo ndipo zinabaki karibu Sh milioni 10 za chakula, maji, umeme, vitabu na matengenezo. Mzazi mmoja kati ya kumi asipolipa, Sh milioni 6.4 zimeondoka.

Sasa fikiria mtu aliyejenga kwa mkopo wa benki wa miaka mitatu. Marejesho yanaanza wakati shule haina hata uwezo wa kulipa mishahara. Mwalimu asipolipwa miezi miwili anahama, wazazi wanasikia, na watoto wanamfuata. Nyumba iliyowekwa rehani ndiyo hulipa deni.

Tatizo jingine ni kwamba fedha huingia kwa awamu, hasa Januari na Julai, ilhali mishahara haina likizo. Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa corona, na za msingi zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Wamiliki wasiokuwa na akiba walijua siku ile kwamba majengo hayaliwi.

Uamuzi wa Serikali nao una uzito katika daftari la mwenye shule. Machi 2023 ulitolewa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na waliotegemea ada ya bweni kwa watoto hao wakalazimika kupanga upya. Mwaka huo huo sera ilihaririwa, elimu ya msingi ikawa miaka sita badala ya saba. Mitaala mipya ilianza Januari 2024. Maana yake kibiashara ni kwamba mtoto mmoja atalipa ada mwaka mmoja pungufu. Anayejenga leo asipange mapato ya darasa la saba.

Usajili nao usichukuliwe kama jambo la baadaye. Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa upande wa ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lakini shule ya awali na msingi ni ya Wizara ya Elimu. Mmiliki na meneja lazima wathibitishwe na majengo yakaguliwe. Anayepokea ada kabla ya usajili anahatarisha fedha zake na mwaka wa masomo wa watoto wa wenzake.

Ushauri wa hesabu hizi ni mwepisi kuusema. Anza na madarasa mawili, jenga moja kila mwaka kwa kadiri watoto wanavyopanda, na kabla ya kununua basi weka pembeni mishahara ya mwaka mzima. Kama kiinua mgongo hakitoshi kwa majengo na mishahara, punguza majengo. Mzazi anaweza kuvumilia ukuta usiopakwa rangi. Mwalimu aliyeondoka katikati ya muhula hamvumilii.