Marudio Hayafutwi kwa Macho

Waandishi wa programu wana amri moja wanayoitamka kama vile imeshuka mlimani: usijirudie. Wahariri wetu wa magazeti nao wameipenda. Kila neno linalojitokeza mara mbili kwenye aya, fyeka. Mimi naikataa, na shahidi wangu ni mashine yenyewe.

Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ya mashine, ina hatua maalumu ya kusaka hesabu zilizorudiwa. Ukiandika a + b sehemu mbili, inajumlisha mara moja, inatunza jibu na kulitumia tena. John Cocke wa IBM aliandika juu ya kazi hiyo mwaka 1970. Tangu hapo wahandisi hawachoki kuirudia hatua hiyo, kuisafisha na kuiongezea kasi, na majigambo ni yaleyale: eti yetu inafuta mengi zaidi.

Jamani, mengi ndiyo nini?

Chukua a + b hiyohiyo. Kama katikati kuna mstari uliobadilisha a, tena kwa mlango wa nyuma, kupitia kielekezi, basi ya pili si ya kwanza hata kama zinafanana kama mapacha. Au chukua agizo la kusoma herufi inayofuata kwenye faili. Limeandikwa mara mbili, neno kwa neno. Ukifuta moja umepoteza herufi. Na hata pale jibu linapokuwa lilelile, kulitunza kuna gharama. Rejista za prosesa ni chache. Zile za kazi za kawaida kwenye x86-64 kwa miaka mingi zimekuwa 16 tu. Zikijaa, jibu linapelekwa kwenye kumbukumbu, na kulifuata huko kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kujumlisha upya. Ndiyo maana mwaka 1992 Briggs, Cooper na Torczon walionyesha namna kompaila inavyoweza kukokotoa tena kwa makusudi.

Kwa hiyo anayeandika upya hatua hii aanze kwa kutenganisha maswali mawili. Je, ni kitu kilekile kweli? Na je, kufuta kuna faida? Yakivurugwa pamoja kwenye fungu moja la msimbo, hakuna atakayejua kosa limeingilia wapi. Kasi isubiri. Kosa la hapa halipigi kelele: programu inakubaliwa, inafanya kazi, inatoa jibu la uongo, halafu analaumiwa mtu ambaye maandishi yake yalikuwa sahihi.

Sisi wa kalamu tunayajua haya. Mjane akisema "nilimsubiri, nilimsubiri, nilimsubiri", mhariri anabakiza moja na kujiona fundi. Kompaila, isiyo na sikio wala huruma, ingeuliza kwanza kama kati ya neno na neno kuna kilichobadilika. Mhariri anashindwa nini?