Flashi zikaguliwe kabla ya kufunguliwa





Walimu wengi wa vijiji vya Ngorongoro hupeleka mitihani kuchapwa katika maduka ya steshenari mjini Karatu. Huko flashi za watu wengi hupita kwenye kompyuta moja. Muhula uliopita yangu ilirudi na virusi. Niliichomeka kwenye kompyuta ya shule bila kuikagua, na alama za darasa la saba hazikufunguka tena. Wazazi walikosa ripoti. Kosa ni langu.

Mfugaji mwangalifu hachanganyi ng'ombe mgeni na kundi lake kabla ya kumwogesha. Windows 10 na 11 zina programu ya kukagua virusi isiyolipiwa. Itumike kabla ya kufungua faili lolote. Masahihisho ya programu nayo yasicheleweshwe. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fedha, ilhali kinga ilitolewa tangu Machi. Tena, nakala ya pili ya alama ihifadhiwe mahali pengine.

Nawaomba wenye maduka nao wakague kompyuta zao kila siku. Kinga ni bora kuliko tiba.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ngorongoro, Arusha.