Hofu ya Chuo Kikuu Haimfai Mtoto wa Gredi ya Nne

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi Jego, Vanga na Lunga Lunga huko Kwale, kama zilivyoota kote nchini Kenya, ipo hii: kwamba mtoto ambaye hajaanza kuhangaikia nafasi yake katika chuo kikuu chenye jina kubwa angali katika madarasa ya chini amekwisha kuachwa nyuma, na kwamba mzazi au mwalimu anayemtia hangaiko hilo mapema anamtendea hisani. Kwa imani hiyo mtoto wa miaka tisa huulizwa kila mara kama atakuwa daktari au mhandisi, hulinganishwa na mwana wa jirani aliyepelekwa bweni, na huandikishwa katika tuisheni, yaani masomo ya ziada ya kulipiwa yanayofundishwa jioni, Jumamosi na wakati wa likizo. Imani hii ni potofu tangu msingi wake, na hasara yake huwaangukia zaidi watoto wa sehemu zenye shule chache na vitabu haba kuliko watoto wa miji iliyojitosheleza.

Hofu yenyewe ina historia, na haikuwa upumbavu ilipozaliwa. Kwa miaka mingi kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka elimu ya juu alielekeza macho Makerere, iliyoanzishwa 1922, na hata Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970 kilibaki kuwa chuo kikuu pekee cha umma nchini hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoundwa 1984, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981. Tume hiyo hiyo ndiyo iliyopendekeza mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Katika mfumo huo mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, KCPE, uliamua ni nani atakayeingia shule ya kitaifa, yaani shule inayopokea wanafunzi kutoka pembe zote za nchi, na shule hiyo nayo ndiyo iliyodhaniwa kuwa lango la chuo kikuu. Mzazi wa Jego, aliye zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi, alikuwa na sababu ya kutetemeka mtoto wake alipofika darasa la nane, kwa kuwa siku chache za mtihani zilikuwa na uzito uliozidi mno umri wa mtahiniwa.

Lakini KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani umeondoka na hofu iliyozaliwa nao imebaki, na badala ya kupungua imeshuka umri, ikatoka darasa la nane na kuwafikia watoto wa Gredi ya 4 na hata ya 3.

Inafaa ieleweke jinsi nafasi za chuo kikuu zinavyogawanywa, kwa sababu wengi wanaowatisha watoto hawakuufuatilia utaratibu huo. Taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, KUCCPS, ambayo imetokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, huangalia matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari: anayetaka shahada anahitaji wastani usiopungua C+, kisha hushindania kozi kwa alama za klasta, ambazo hukokotolewa kutokana na masomo manne yanayohusiana na kozi aliyoiomba. Nafasi aliyoshika mtoto darasani akiwa Gredi ya 4 haimo katika hesabu hiyo. Isitoshe, KCSE yenyewe inaelekea ukingoni, kwa kuwa kundi la mwisho la 8-4-4 litaifanya mwaka 2027, ilhali kundi la kwanza la mtaala mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4 liliingia Gredi ya 10 Januari 2026 na litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Mtoto wa Gredi ya 4 anayekoseshwa usingizi leo anaandaliwa kwa mtihani ambao hakuna Mkenya hata mmoja aliyewahi kuufanya.

Watetezi wa hofu ya mapema watasema kwamba tathmini ya Gredi ya 6 sasa ina uzito, na hilo ni kweli: katika kuwapanga wanafunzi wa Gredi ya 10, mtihani wa Gredi ya 9 huchukua asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi zilizopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20 zilizosalia. Uzito huo, hata hivyo, unahusu kuingia sekondari ya juu, ambako mwanafunzi hufuata mkondo mmoja kati ya mitatu, nao ni sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uchaguzi wa mkondo ni jambo zito, kwa sababu anayeuacha mkondo wa sayansi anaufunga mlango wa udaktari, na mwanafunzi wa Gredi ya 8 au ya 9 anastahili kuelezwa hayo kwa utulivu na mtu anayeyajua. Kuelezwa huko ni haki ya kijana wa miaka kumi na minne, na hakuhalalishi kumtia kiwewe mdogo wake wa miaka tisa.

Zipo pia hesabu ambazo imani hii huzikwepa. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391, karibu robo, na waliopata A kamili walikuwa 1,693, ambao hawafiki wawili katika kila elfu. Kozi zinazotajwa mbele ya watoto kana kwamba ndizo pekee zenye heshima huwaniwa na kundi hilo dogo la juu. Kumjengea kila mtoto wa kijiji kipimo cha utu kinachoweza kufikiwa na wachache kiasi hicho ni kuwaandalia walio wengi aibu ilhali hawakutenda kosa lolote, na mtoto aliyefundishwa kwamba asiye daktari ni bure atajihukumu hivyo siku matokeo yatakapotoka.

Hasara iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, hutokea mapema zaidi, katika kusoma kwenyewe. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, ambazo tangu 2009 zimekuwa zikiwapima watoto majumbani mwao, zimeonyesha tena na tena kwamba watoto wengi wa Kenya hufika madarasa ya kati bila kuweza kusoma na kuelewa hadithi fupi iliyoandikwa kwa ajili ya madarasa yaliyo chini yao. Huu ndio msiba wa kweli wa elimu ya nchi, na kwa mtoto wa Jego unaongezewa uzito na lugha, kwa maana nyumbani husikia Kidigo, Kisegeju au Kivumba, barabarani Kiswahili, na vitabu vya masomo mengi huvikuta kwa Kiingereza. Sera inayotaka mtoto wa shambani afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya mwanzo ilipendekezwa na Tume ya Gachathi mwaka 1976, lakini ndiyo ya kwanza kutupwa pale wazazi wanapodai Kiingereza cha haraka ili mtoto awahi kufanana na wale wanaoenda vyuo vikubwa. Matokeo yake ni mtoto anayekariri majibu ya mitihani iliyopita katika lugha asiyoielewa. Wakulima wa mpunga wa bonde la Mto Umba wanajua kwamba mche uliong'olewa kitaluni kabla ya kushika mizizi ukipandikizwa hufa majini hata kama shamba ni zuri. Elimu ya mtoto ina kitalu chake pia, nacho ni miaka ya kujifunza kusoma, kuhesabu na kuuliza.

Tuisheni huila miaka hiyo. Mtoto anayetoka shuleni alasiri, akaenda madrasa, kisha akarudishwa kwenye meza ya masomo hadi usiku, hana saa ya kucheza wala ya kusoma kitabu kwa kukipenda, wala ya kufuatana na wakubwa wake shambani au pwani. Na huko nako kuna elimu. Jamii za Vanga, Jimbo na Kiwegu zinahifadhi mikoko yao kupitia mradi wa Vanga Blue Forest, ambao huuza hati za hewa ukaa, yaani uthibitisho kwamba miti imefyonza kiasi fulani cha gesi inayolipasha joto anga. Kiasi hicho hupatikana kwa kupima vigogo na kufanya hesabu, kazi inayowahusisha wanakijiji pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI. Mtoto anayeijua mikoko kwa majina na anayeelewa kwa nini kigogo hupimwa ameanza sayansi kwa njia ambayo karatasi ya majibu ya kukariri haiwezi kumpa.

Imani hii pia inawafundisha watoto kuvidharau vyuo vilivyo karibu nao. Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vyote vilipata hati kamili mwaka 2013, na chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kina tawi Msambweni, lakini vyuo hivi hutajwa majumbani kama mahali pa walioshindwa. Sheria ya 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu imeweka msingi wa mwenye stashahada kupanda hadi shahada bila kuanza upya, kwa hiyo aliyeanzia Msambweni hakufungiwa njia. Wakati mgodi wa Base Titanium ulipokuwa ukichimba madini Kwale, tangu 2013 hadi ulipofungwa mwishoni mwa 2024, ulihitaji mafundi wa umeme, waendeshaji wa mitambo na wapimaji wa maabara sawasawa na ulivyowahitaji wenye shahada, na hoteli za Diani zinahitaji ustadi wa namna hiyo hiyo hadi leo.

Kuna hoja moja inayostahili jibu la heshima, kwa kuwa hutolewa na wazazi wanaowapenda watoto wao: kwamba watoto wa matajiri wa Nairobi huanza mapema, na kwamba mtoto wa Jego akichelewa ataonewa daima. Kinachowatanguliza watoto wale ni vitabu vilivyojaa nyumbani, walimu wanaotosha idadi ya wanafunzi wao, chakula cha mchana na mzazi anayewasomea hadithi usiku. Hofu haiwezi kuziba upungufu wa vitu hivyo, na fedha zinazolipiwa tuisheni ya mtoto mmoja kwa mwaka zingeweza kununua vitabu vya hadithi vya kusomwa na watoto wa nyumba kadhaa.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kimekwisha kupiga marufuku masomo ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Maafisa wa elimu wa Lunga Lunga na waitekeleze sheria hiyo, walimu wakuu wafungue makabati ya vitabu vilivyofungiwa ili visichakae, na wazazi wa Jego wamwulize mtoto wa Gredi ya 4 amesoma nini leo na amekielewaje, waliache suala la chuo kikuu hadi atakapofikia umri wa kuliamua mwenyewe.