Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Rai Kuhusu Mzigo na Umaridadi wa Msafiri

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hufunzwa kana kwamba sifa yote ni ya mwenyeji kwa ukarimu wake, ilhali uzito wake umo katika kitenzi cha mwisho. Mgeni hutazamiwa kuja na nafuu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sisi wanafunzi wa vyuo vikuu, hasa wakati wa likizo, tumeipindua methali hiyo. Twafika tulikoalikwa na masanduku makubwa yaliyosheheni nguo zetu wenyewe, na ndani yake hamna hata ratili moja ya sukari ya kumponya mwenyeji. Rai yangu ni kuwa mzigo mwepesi si dalili ya uhitaji wala si adui wa umaridadi. Ni sehemu ya adabu ya safari.

Nitautumia mji wa Isiolo kuwa kielelezo. Mji huu, ulio kiasi cha kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi, ni lango la kaskazini mwa Kenya. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana sokoni mwake, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowapatanisha kwenye bei. Mwanafunzi aendaye kwao Marsabit au Moyale hupitia hapo, sawa na yule anayekwenda kumtembelea mwenzake au kuandamana na wenziwe katika ziara ya kimasomo. Kabla ya lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale kukamilika katika muongo wa 2010, abiria wengi wa njia hiyo ya takribani kilomita 500 walisafiri juu ya malori, wakiketi juu ya magunia au wakishikilia vyuma huku mifugo ikiwa chini yao. Msafiri wa enzi hizo hakuhitaji kufundishwa kufungasha kidogo, kwani lori lilimfundisha. Lami imekuja na mabasi yenye nafasi ya mizigo, nasi tumeichukulia nafasi hiyo kuwa ruhusa ya kuhama na kabati.

Mtazame basi msafiri wetu ashukapo. Sanduku lake lina magurudumu yaliyoundwa kwa sakafu laini za viwanja vya ndege. Akiiacha barabara kuu na kuingia vichochoroni, magurudumu hayo huzama mchangani, naye hulazimika kumlipa kijana wa mkokoteni au wa pikipiki amsaidie. Tayari alikwisha kutozwa nauli ya mzigo na utingo. Ndani ya sanduku mna jozi nne za viatu, suruali za jinzi zisizokauka upesi zikifuliwa, na makoti mawili yaliyopakiwa kwa ajili ya baridi ya Timau, mahali ambapo gari hupita kwa muda mfupi tu kabla ya kuteremka kwenye joto la Isiolo. Nusu ya nguo hizo zitarudi chuoni bila kuvaliwa. Ajabu ni kwamba baadhi yake zilinunuliwa kwa fedha za mkopo wa masomo, deni litakalolipwa miaka mingi baada ya fasheni yenyewe kusahauliwa.

Kwa nini tunafanya hivi? Lugha yetu yaweza kutupa jibu, kwa kuwa Kiswahili hakiyafanyi mapambo yote kuwa kitu kimoja. Upo ulimbwende, yaani kujipamba ili mtu atazamwe. Na upo utanashati, yaani unadhifu wa mtu na mavazi yake. Mlimbwende huhitaji nguo nyingi kwa sababu huogopa kuonekana mara mbili katika vazi lile lile. Mtanashati huhitaji nguo chache, maji, sabuni na pasi. Tumekuwa tukiuita ulimbwende umaridadi, na kosa hilo la msamiati limegeuka kuwa mzigo wa mabegani.

Lau tungetaka walimu wa jambo hili, tungewapata huko huko tuendako. Miongoni mwa jamii za wafugaji wa ngamia kama Warendile, Wagabra na Wasomali, nyumba ya kuhamahama hubomolewa na wanawake na kupakiwa juu ya ngamia: fito zilizopindwa, mikeka, ngozi na vyombo vya maziwa. Kila kilichopakiwa kina kazi. Hata hivyo, hakuna awezaye kudai kwamba watu hao hawana urembo. Vyombo vyao vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea hupambwa kwa ustadi. Jirani zao Wasamburu huvaa shanga zao shingoni, kwa hiyo pambo husafiri pamoja na mwenyewe bila kuchukua nafasi ya kitu kingine. Huo ndio umaridadi wa msafiri: kitu kimoja kitumike na kipendeze kwa wakati mmoja.

Hata mtalii tajiri hulazimika kulikubali somo hili. Ndege ndogo zinazowapeleka wageni kwenye mbuga za Samburu na Buffalo Springs, zilizo jirani na Isiolo, kwa kawaida huwaruhusu kilo 15 tu kila mmoja, tena katika mkoba laini. Mgeni huyo aliyelipa maelfu ya dola hufika na suruali mbili na shati tatu, na hakuna amwitaye maskini. Iweje basi mwanafunzi aliyepanda matatu aone haya kubeba mkoba mmoja?

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzito. Watasema kwamba watu wa kaskazini wamedharauliwa kwa muda mrefu. Kwamba Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965 ulizipendelea sehemu zilizodhaniwa kuwa na rutuba na kuziacha za wafugaji nyuma. Na kwamba kijana wa huko arudipo nyumbani amevaa vizuri, huwa anaijibu dharau hiyo. Hoja hii siipuuzi. Lakini nauliza: jibu hilo anaelekezwa nani? Waliomdharau hawapo Isiolo kumwona ashukapo. Aliyepo ni nyanya yake, ambaye alijinyima kilichouzwa ili karo ipatikane, na ambaye jioni hiyo atakoroga chai kwa majani aliyoyakopa dukani. Sanduku linalomwondolea kijana aibu mbele ya wasiokuwapo huku likimfikisha mikono mitupu mbele ya aliyepo halijaijibu dharau. Limeihamisha tu.

Afungashe nini basi? Isiolo, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, ina joto na vumbi mchana, na huwa na nafuu usiku. Pamba nyepesi ndiyo nguo ya mahali hapo: mashati au magauni matatu ya rangi zinazopatana, ili kila moja livaliwe na jingine lolote la chini, sweta moja ivaliwe njiani, viatu vya kufunga miguuni na ndara mkobani. Aepuke rangi na mabaka ya sare za kijeshi, ambayo raia hukatazwa kuyavaa nchini Kenya, sembuse katika mji wenye kambi za jeshi. Nguo za heshima zisisahauliwe, kwani Waislamu ni wengi. Mwanamume abebe kikoi. Mwanamke abebe jozi ya leso, vazi ambalo jina lake lina asili ya Kireno lakini matumizi yake ni yetu kabisa: ushungi barabarani, shuka kitandani, taulo bafuni, mbeleko akikabidhiwa mtoto, na zawadi siku ya kuaga. Ni vazi gani la dukani liwezalo kushindana nalo?

Nafasi itakayobaki mkobani ndiyo kiini cha rai yangu. Humo yaingie majani ya chai na sukari, dawa ya macho ya babu aliyoagiza, na vitabu viwili vya hadithi kwa wadogo wanaosoma. Siku ya kurudi, nafasi hiyo hiyo itapokea nyirinyiri za mama, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika samli, ambazo wenzetu wa bwenini huzisubiri kwa hamu.

Nawasihi wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu walioko katika vyama vya Kiswahili kwamba, tupangapo ziara ijayo, tukubaliane kila mtu abebe mkoba mmoja, na theluthi yake iwe ya mwenyeji. Hapo tutakuwa tumeitenda methali tunayoitahini kila mwaka.