Tahadhari Haikomei Simuni



Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogea kuelekea pwani yetu, simu zetu zilipokea habari za aina mbili. Za kwanza zilitoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: kimbunga kilipo, kinakoelekea, mikoa inayopaswa kujihadhari. Za pili zilikuwa sauti za watu wasiojitaja, wakidai kuwa bahari imekwisha kupanda nchi kavu na kila mtu ahame usiku ule ule. Ndugu msomaji anajua zipi zilizosambaa upesi zaidi.

Tarehe 4 Mei kimbunga kiliingia Mafia, kisha kikapoteza nguvu. Lakini katika saa zile za kungoja, familia zilitaka kujua mambo ambayo mamlaka ya taifa haiwezi kuyajibu. Je, kivuko cha mtaani kwetu kinapitika? Shule ipi imefunguliwa kupokea wanaohama bondeni? Hayo anayajua mtendaji wa kata na halmashauri yake. Kwa masikitiko, kurasa nyingi za halmashauri mitandaoni hujaa picha za wageni rasmi na utepe unaokatwa. Siku ya mafuriko picha hizo zingali pale juu, na maswali ya wananchi chini yake hayajibiwi.

Si lazima iwe hivyo. Januari 2011 mafuriko makubwa yalilikumba jimbo la Queensland, Australia, hata mitaa ya jiji la Brisbane ikazama. Polisi wa jimbo hilo walitumia Facebook na Twitter kutoa taarifa mfululizo, bila kungoja mkutano wa waandishi wa habari. Uvumi ulipozuka kwamba bwawa la Wivenhoe linakaribia kupasuka, hawakuupuuza: waliutaja wazi, wakaukanusha, wakaubandika alama maalumu ya kuonyesha kuwa ni uzushi, ili kila anayeutafuta akutane na kanusho lake. Jambo la kuzingatia ni kwamba kulikuwa na mtu upande wa pili aliyejibu.

Hapo ndipo tunaposimama sisi. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitenda. Tunawahimiza vijana wetu hivyo kila mara, na ni haki kuwahimiza. Lakini anayeamrishwa kuchunguza anahitaji mahali pa kuulizia. Ofisi inyamazapo kwa saa sita, kisha ikalaumu wananchi kwa kusambaza uvumi, imejisahau.

Pamoja na hayo, tusiitwike simu mzigo usioweza kuubeba. Siku nane tu baada ya Hidaya, tarehe 12 Mei, nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Tujiulize ingekuwaje lau mambo hayo mawili yangekutana siku moja. Tena, hata mtandao ukiwa mzima, yupo bibi anayeishi peke yake na simu ya vitufe, na yupo mzee asiyesikia vizuri.

Kwa hiyo kamati yetu imeiandikia ofisi ya kata maombi mawili: kila tangazo la dharura liwe na tarehe, saa na jina la afisa aliyelitoa, na litumwe pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida kwa viongozi wa misikiti, makanisa na wajumbe wa nyumba kumi. Tangazo la namna hiyo muadhini atalisoma kwenye kipaza sauti papo hapo, bila kungoja wakati wa swala. Sauti isiyo na mwenyewe haitasomwa, hata ikiletwa na mjumbe wa kamati.

Umeme ukikatika, vijana sita wamejitolea kupita mlango kwa mlango upande wa bondeni. Wanayo orodha ya nyumba zenye wazee, wagonjwa na akina mama wajawazito, nayo bado haijakamilika. Aliye na jirani wa kuorodheshwa atuone ofisini baada ya swala ya Ijumaa, aje na jina la jirani huyo na maelezo ya njia ya kufikia nyumba yake usiku.